Seti ya UK garage nje ya klabu: kutambua na kutatua kasoro za sauti, umeme na mahali

UK garage, muziki wa dansi wa kielektroniki uliokulia London katika miaka ya 1990, haukulelewa katika kumbi zilizojengwa kwa ajili yake. Klabu ya Ministry of Sound ilifunguliwa mwaka 1991 katika eneo la Elephant and Castle, kusini mwa London, na baadhi ya waliotoka humo asubuhi ya Jumapili waliendelea kucheza katika baa za jirani, ambako ma-DJ walipiga rekodi za garage za Marekani kwa kasi iliyoongezwa. Baadaye redio zisizo na leseni ziliueneza muziki huo kwa mitambo iliyofichwa juu ya maghorofa ya makazi. Kwa hiyo anayepeleka seti ya muziki huu (mfululizo wa rekodi anazopiga DJ) leo chini ya tao la reli, ndani ya duka la kufulia nguo, katika ghorofa ya maegesho ya magari au kwenye mashua iliyofungwa mferejini hafanyi kioja. Anachopaswa kujua ni kwamba mahali pa namna hiyo pana kasoro zake, na kasoro hizo hujirudia kiasi kwamba zinaweza kupangwa kwa dalili.

Karibu zote zina shina moja. Uhai wa UK garage umo katika nafasi tupu zilizo kati ya pigo na pigo. Katika mtindo wa 2-step, uliotawala mwishoni mwa miaka ya 1990, ngoma ya chini haipigwi kila pigo. Huachwa mapengo, na besi huingia na kutoka humo. Chumba kinachovuma, besi inayoganda pembeni au umeme unaonguruma huyajaza mapengo hayo, na yakishajaa, kilichobaki ni kelele tu. Nimeipanga kila dalili kuanzia kisababishi kinachotokea mara nyingi hadi kile cha nadra. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha sikiliza tena kwa rekodi ileile; anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja hatajua kipi kilichoponya.

Mdundo umegeuka uji na haihati hazitambulikani

Hili ndilo lalamiko la kwanza popote penye matofali, zege au vigae. Rekodi ikienda kwa mapigo 132 kwa dakika, pigo moja huchukua takribani milisekunde 455, na robo yake, ambayo ndiyo hatua ya haihati (matoazi madogo ya ngoma), ni milisekunde 114 hivi. Ule mrindimo unaoyumba, unaomfanya mchezaji ajisikie anavutwa nyuma kidogo kisha anaachiliwa, hutokana na baadhi ya haihati kucheleweshwa kwa sehemu ndogo tu ya hatua hiyo. Chumba ambacho mwangwi wake hudumu sekunde 3 humwaga mabaki ya pigo moja juu ya mapigo sita yanayofuata, na uchelewesho ule mdogo huzama kabisa.

Kisababishi cha kawaida kabisa ni uelekeo wa spika. Zimeinuliwa juu na kuelekezwa ukuta wa mbali, kana kwamba ukuta ndio uliolipa kiingilio. Simama katikati ya chumba, upige kofi moja, usikilize sauti inadumu kwa muda gani. Kisha ziinamishe spika ziwaelekee watu vifuani, uzisogeze karibu nao, na usikilize tena. Mahali panapovuma, spika nne ndogo zilizo karibu na wachezaji hufanya kazi bora kuliko mbili kubwa zilizo mbali. Kuongeza sauti hakusaidii, na kuipunguza hakusaidii sana, kwa sababu uwiano kati ya sauti inayotoka moja kwa moja kwenye spika na ile inayorudishwa na kuta haubadiliki; kinachoubadilisha ni umbali na uelekeo.

Kisababishi cha pili ni mkono wa DJ mwenyewe. Akishindwa kuzisikia haihati, huongeza sauti za juu kwenye mikseri (mashine ya kuchanganya sauti), na kwa kufanya hivyo hukipa chumba malighafi zaidi ya kurudisha. Rudisha katikati vitufe vyote vya ekolaiza (kirekebishaji cha sauti za juu, za kati na za chini). Ikiwa bado kuna uzito unaofunika kila kitu, punguza polepole eneo la kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 200 na 400, ambako vyumba vya matofali huvimba zaidi.

Kisha tazama kuta zenyewe. Mapazia mazito, mazulia na miili ya watu hunyonya sauti za kati na za juu, ndiyo maana chumba kinachotisha wakati wa majaribio kikiwa kitupu mara nyingi hutulia watu wakishaingia. Usikate tamaa saa kumi na moja jioni. Lakini pazia halinyonyi besi, na anayefunika kila ukuta kwa kitambaa hupata chumba kilichokufa juu na kinachonguruma chini. Kitambaa chochote kinachotundikwa lazima kiwe kimetibiwa kisishike moto kwa urahisi. Usifunge spika, taa wala pazia zito kwenye dari ya tao la reli au bomba lolote unalolikuta hapo juu: kuning'iniza vitu juu ya vichwa vya watu ni kazi ya fundi mwenye ujuzi huo, na kama hayupo, kila kitu kisimame sakafuni.

Chini ya tao kuna jambo jingine linaloonekana mara chache na kuwashangaza wengi. Dari iliyopinda hukusanya sauti mahali pamoja, jinsi kioo kilichobonyea kinavyokusanya mwanga. Tembea taratibu chini ya mstari wa kati ukisikiliza, na ukipata sehemu ambayo sauti inakurukia ghafla, usiweke hapo meza ya DJ wala maiki.

Mwisho ni uchaguzi wa rekodi. Nasisitiza hili kwa sababu vitabu vya maelekezo ya vifaa hulinyamazia: mahali panapovuma, rekodi yenye ala chache na mapengo mapana hushinda rekodi iliyosheheni. Fupisha muda wa rekodi mbili kupigwa pamoja, usizipandishe sauti mbili za waimbaji juu ya nyingine, na uangalie ulinganifu wa ufunguo wa muziki kuliko kawaida, kwa maana noti za mwisho za rekodi iliyotoka zitaendelea kuelea chumbani wakati mpya imekwisha kuingia.

Besi inapotea katikati ya chumba na kunguruma pembeni

Kabla ya kulaumu chumba, kagua kama sabufa (spika za besi) zote mbili zinasukuma pamoja. Kebo iliyounganishwa kinyume, au kitufe cha kugeuza awamu kilichobonyezwa kwenye sabufa moja tu, huifanya moja ivute wakati nyingine inasukuma, na besi hufutika hasa pale zinapokutana. Kipimo chake ni rahisi: piga rekodi yenye besi ndefu, simama kwa umbali ulio sawa kutoka kila sabufa, kisha zima moja. Ikiwa besi inaongezeka baada ya kuzima, umeipata kasoro.

Ikiwa inapungua kama inavyopaswa, basi chumba ndicho kinachosema. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, na kati ya kuta mbili zinazotazamana huzaliwa mawimbi yaliyosimama, la kwanza likiwa na masafa ya 343 ikigawanywa kwa mara mbili ya umbali wa kuta hizo. Chumba chenye upana wa mita 3.5, ambao si ajabu kwa duka la kufulia nguo, hupata wimbi hilo kwenye hezi 49, na hizo ni sawa na noti ya G ya chini ambayo besi za garage huipitia mara kwa mara. Noti hiyo itavuma kando ya kuta na kutoweka katikati, ilhali noti jirani zinasikika vizuri, na msikilizaji ataona kana kwamba mpiga besi anaruka baadhi ya maneno ya sentensi yake.

Hakuna ekolaiza inayoweza kulijaza shimo la namna hiyo. Ukiongeza hezi 49 katikati, walio ukutani watapigwa mara mbili zaidi. Tiba ni kuhamisha. Ziweke sabufa zote mbili pamoja mahali pamoja badala ya kuzitenganisha kushoto na kulia, kisha tembea chumba kizima. Kuziweka pembeni kabisa mwa chumba huongeza nguvu lakini pia huamsha kila wimbi. Kuzitoa pembeni hata kwa mita moja kunaweza kubadili mengi. Ikiwa kuna noti moja tu inayovimba, hapo ndipo ekolaiza inapofaa: ipunguze noti hiyo peke yake kwa mkato mwembamba.

Kisababishi cha tatu ni spika ambazo hazikuumbwa kwa kazi hiyo. Besi ya muziki huu mara nyingi hukaa kati ya hezi 40 na 60, na spika ya mgahawa iliyofungwa ukutani haifiki huko hata ikisukumwa vipi, itapasuka tu. Kama sabufa haipatikani, chagua rekodi ambazo besi yake ina mkwaruzo au noti za juu kidogo, maana sikio litaijenga noti ya chini kutokana na zile zilizo juu yake. Katika mfumo wa spika tatu na kuendelea, hakikisha mpaka kati ya sabufa na spika za juu umewekwa mahali pamoja pande zote mbili, kwa kawaida kati ya hezi 80 na 100. Ukiacha spika za juu zipige masafa yote huku sabufa nazo zikipiga, mawimbi yatagongana kwenye mpaka.

Rekodi mbili haziendi pamoja ingawa hedifoni inasema zinaenda

Umbali ndio wa kushukiwa kwanza. Sauti huhitaji takribani milisekunde 29 kusafiri mita 10. DJ aliye nyuma ya spika kuu, asiye na spika yake ya kujisikilizia, na ambaye sauti ya chumba inamfikia kutoka ukuta ulio mita 10 mbele yake, huisikia baada ya safari ya kwenda na kurudi, yaani milisekunde 58. Hiyo ni nusu ya hatua nzima ya haihati. Katika muziki wa pigo nne zilizo sawa angeweza kuvumilia, lakini hapa mrindimo wenyewe unajengwa na vipande vidogo kuliko hivyo. Weka spika ndogo mita moja au moja na nusu kutoka kichwani, ipe sauti ya kutosha kuushinda mwangwi wa chumba, na iwe ndiyo unayoiamini. Kama haipo, sikiliza rekodi zote mbili ndani ya hedifoni na usikipe chumba nafasi ya kukushauri.

Kwa wanaotumia vichezeo (mashine za kupigia rekodi) vya kidijitali, kisababishi kinachofuata ni gridi ya mapigo, yaani alama ambazo programu huweka kuonyesha kila pigo liko wapi. Programu hutafuta ngoma ya chini ili kujua pigo liko wapi, na katika 2-step huikuta haipo pale inapoitarajia, hivyo wakati mwingine huishika ngoma iliyo katikati ya mapigo na kuiita ya kwanza, au husoma kasi kuwa nusu au theluthi mbili ya ile halisi. Fungua rekodi, tafuta sneya, ngoma yenye mlio mkali, ambayo hukaa kwenye pigo la pili na la nne, na usogeze gridi mpaka ilingane nayo. Fanya hivi nyumbani. Anayeanza kusahihisha gridi mbele ya watu amechelewa. Ikiwa gridi inalingana mwanzoni na kuachana mwishoni, faili lilinakiliwa kutoka kwenye santuri kwa kichezeo ambacho kasi yake haikutulia, na hapo zima kifungo cha ulinganishaji wa moja kwa moja, uongoze kwa mkono.

Fleshi ambayo haisomwi kabisa kwa kawaida imeandaliwa kwa mfumo wa NTFS, usiotambuliwa na vichezeo vya klabu. FAT32 ndio mfumo wa kuutegemea. Beba fleshi mbili zenye vitu vilevile.

Sindano inaruka, au ngurumo inazidi kukua yenyewe

Dalili hizi mbili huchanganywa, na tiba zake zinatofautiana. Ili kuzitenganisha, zima mota, weka sindano juu ya santuri iliyosimama, na upandishe sauti polepole hadi kiwango cha kazi. Ikiwa ngurumo inajitokeza na kukua, besi ya spika inapita sakafuni, inapanda mezani, inaingia kwenye sindano na kurudi tena kwenye spika. Ikiwa kuna ukimya, tatizo ni mitikisiko ya miguu au mizani ya mkono wa sindano.

Kwa ngurumo, ondoa kwanza spika yoyote inayokaa juu ya meza ileile ya vichezeo. Hilo pekee humaliza kesi nyingi. Kisha weka chini ya kila kichezeo bamba la zege la kutandikia njia, lile la sentimita 45 kwa 45, juu ya godoro la sponji zito. Bamba la unene wa sentimita 5 lina uzito wa zaidi ya kilo 20, kwa hiyo kagua miguu ya meza kabla ya kuweka mawili. Hatua inayofuata ni kukata masafa yaliyo chini ya hezi 30 hivi, ambayo hayana muziki wowote utakaokosekana, na ya mwisho ni kuhamisha sabufa mbali na meza.

Kwa sindano inayoruka, safisha ncha yake, hakikisha kichezeo kimelala sawa kwa kutumia pima maji, na weka uzito uliotajwa na mtengenezaji wa sindano. Kuongeza uzito kupita kiasi hutuliza usiku mmoja na kuchimba santuri ambazo pengine hazikuwahi kuchapishwa tena tangu mwaka 1998. Mimi siwezi kulipendekeza. Mahali ambapo sakafu ni ya mbao zenye uwazi chini, meza iwekwe karibu na ukuta, ambako mbao huinama kidogo kuliko katikati. Ndani ya mashua ambayo watu wanacheza, santuri hazifai. Sindano haiwezi kujua kama ni mashua iliyoinama au ni mfereji wa santuri uliopinda. Tumia vichezeo vya kidijitali.

Muungurumo wa chini usiokoma hata muziki ukiwa umezimwa

Umeme wa Uingereza una hezi 50, na muungurumo unaousikia ni hizo hezi 50 au mara mbili yake. Kama unatumia santuri, gusa kwanza ule waya mwembamba wa ardhi unaotoka kwenye kichezeo kwenda kwenye skrubu nyuma ya mikseri; mara nyingi umelegea au haukufungwa. Kama unatumia kompyuta mpakato, chomoa chaja yake usikilize. Kisha chomoa kebo za sauti moja baada ya nyingine hadi muungurumo ukome, na ile uliyoichomoa mwisho itakuonyesha njia.

Kisababishi kilicho nyuma ya vyote hivi ni vifaa vya sauti kuchukua umeme kutoka soketi zilizo mbali, mikseri hapa na amplifaya upande wa pili wa jengo, zikiwa na njia mbili tofauti za kwenda ardhini. Vilete vyote kwenye chanzo kimoja ikiwa mzigo unaruhusu, tumia kebo za XLR, zile za pini tatu, na ikishindikana weka transfoma ya kutenganisha kwenye kebo ya sauti. Sauti ikiwa ni mlio mkali kama wa nyuki badala ya muungurumo, kagua taa zenye kidhibiti cha mwanga, uzitenge na umeme wa sauti.

Onyo: usiukate wala kuuziba waya wa ardhi ndani ya plagi ili kunyamazisha muungurumo. Waya huo ndio unaomkinga DJ na MC (anayeghani kwa maiki juu ya muziki) wasipigwe na umeme, na MC anashika chuma mkononi huku midomo yake ikigusa chuma kingine. Ukipata mshtuko hata mdogo kutoka kwenye maiki au mikseri, zima kwenye swichi kuu na umwite fundi umeme aliyesajiliwa; seti haiendelei mpaka aseme.

Umeme unakatika kila besi inapoingia

Plagi ya Uingereza huruhusu ampea 13 tu, na kwa volti 230 hizo ni karibu wati 3,000. Birika moja la maji linaweza kuzimaliza zote peke yake. Kwa hiyo kwanza uliza ni nini kingine kinachokula umeme kwenye mstari huo: friji, mashine ya kahawa, kipasha joto, mashine za kukaushia nguo. Zima visivyohitajika, gawa mzigo kwenye mistari miwili, na uwashe amplifaya moja moja badala ya zote kwa pamoja, kwa maana kila moja huvuta umeme mwingi kwa kufumba na kufumbua inapowaka.

Cha pili ni waya wa kurefusha umeme ulioachwa umeviringwa kwenye gurudumu lake. Ukiwa umeviringwa hupata joto na hauwezi kubeba mzigo wake kamili; magurudumu mengi yameandikwa viwango viwili kwa sababu hiyo. Ufungue wote, hata kama unahitaji mita tano tu.

Tofautisha pia kilichokatika. Fyuzi ya plagi au swichi ya mzigo ikikatika, umezidisha. Lakini ikikatika swichi ya kinga ya milliampea 30, ile yenye kitufe cha kujaribia, umeme unavuja mahali fulani kwenda ardhini: kebo iliyochubuka, plagi yenye unyevu, au vifaa vingi ambavyo kila kimoja kinavuja kidogo na kwa pamoja vinavuka mpaka. Chomoa vyote, iwashe swichi, rudisha kimoja kimoja. Ikikatika tena vyote vikiwa vimechomolewa, kasoro imo kwenye nyaya za jengo. Usiilazimishe kwa mkanda wala kuikwepa. Harufu ya plastiki inayoungua, soketi yenye joto mkononi, au maji yanayotiririka kwenye matofali karibu na nyaya ni ishara za kuzima kila kitu na kumwita fundi umeme, hata kama chumba kimejaa.

Ukilazimika kutumia jenereta, ikae nje, mbali na mlango na madirisha, isiwekwe kamwe ndani ya tao au maegesho yaliyofunikwa: hewa ya kaboni monoksidi haina harufu. Watu wawili au watatu wakilalamika kichwa kuuma na kichefuchefu kwa wakati mmoja, toa kila mtu nje kwanza, kisha piga 999.

Maiki ya MC inalia

Katika UK garage, MC ni sehemu ya mdundo. Maneno yake hujaa na kutoka katika mapengo yaleyale niliyoyataja. Kumnyang'anya maiki kwa sababu inalia ni kukata kiungo. Sababu kubwa ni mahali anaposimama: yuko mbele ya spika, na maiki inaisikia tena sauti yake yenyewe ikitoka humo. Arudi nyuma ya mstari wa spika. Sababu ya pili ni mkono, maana wengi hukifunika kichwa cha maiki kwa kiganja, na hapo maiki inayosikiliza mbele tu hugeuka kusikiliza pande zote. Ya tatu ni umbali wa mdomo: kutoka sentimita 5 hadi 10 sauti hupungua kwa desibeli 6, na mhusika wa mikseri huongeza kufidia mpaka maiki inalia.

Baada ya hayo, kata masafa yaliyo chini ya hezi 120 kwenye njia ya maiki, kisha tafuta noti inayolia na uikate kwa wembamba. Ukishakata tatu na bado inalia, acha ekolaiza, uhamishe spika. Maiki ipite kwenye mikseri ndogo yake, ili DJ asiipige ekolaiza sauti ya MC kwa bahati mbaya anapobadilisha rekodi.

Sauti inakwaruza

Taa nyekundu kwenye mikseri ndiyo jibu mara nyingi. Shusha kiwango cha kuingizia sauti cha kila njia hadi taa nyekundu zizimike, kisha upandishe kwenye amplifaya. Ikikwaruza kwenye njia moja tu, hakikisha swichi ya santuri na ya vifaa vingine iko mahali sahihi. Ikiwa mkwaruzo ulianza baada ya chumba kujaa, shuku unyevu: pumzi za watu hugeuka maji kwenye matofali baridi na kudondokea vifaa. Vifunike kwa kibanda chepesi kisichozuia hewa, usivikaushe kwa kipasha joto. Koni ya spika inayokwaruza hata kwa sauti ndogo imeharibika na inahitaji fundi spika.

Jirani amelalamika, au afisa amefika mlangoni

Hili nalo ni kasoro ya besi, kwa sababu besi hupita kwenye muundo wa jengo pale haihati zinapokwama ukutani. Nenda ukasikilize mbele ya mlango wa jirani mwenyewe, usikadirie ukiwa ndani. Funga milango, inua sabufa kutoka kwenye sakafu inayoshikana na jengo lake kwa kuziwekea sponji zito, na upunguze masafa yaliyo chini ya hezi 60 kabla ya kupunguza sauti yote. Mwachie jirani namba ya mtu atakayepokea simu usiku ule. Halmashauri ina mamlaka ya kutoa amri ya kukomesha kero kwa mujibu wa sheria ya mazingira ya mwaka 1990, na amri hiyo ikishatolewa, kuipuuza ni kosa la jinai.

Mara nyingi chanzo halisi ni makaratasi. Nchini England na Wales, mahali pasipo leseni huhitaji taarifa ya tukio la muda chini ya sheria ya leseni ya mwaka 2003: ada ni pauni 21, mwisho ni watu 499 wakiwemo wafanyakazi, na ifike halmashauri angalau siku 10 kamili za kazi kabla. Taarifa iliyochelewa, kati ya siku 9 na 5, hupokelewa, lakini polisi au maafisa wa afya ya mazingira wakiipinga, tukio halifanyiki. Waandaaji wa garage wana kumbukumbu chungu ya jambo hili, kwani fomu namba 696 ya polisi wa London, ya kutathmini hatari za matukio ya muziki, iliyoanza mwaka 2005 na kulaumiwa kwa kuilenga miziki ya watu weusi, ilifutwa tu mwaka 2017. Kwa sababu hiyo hiyo, makaratasi yawe kamili kabisa, pamoja na leseni ya PPL PRS, ile ya kupiga muziki hadharani.

Kwa wanaofanya kazi usiku huo, kanuni za kelele kazini za mwaka 2005 huanza kudai hatua kwenye wastani wa siku wa desibeli 80, na kwa desibeli 85 vizibo vya masikio ni lazima. Dakika 15 za desibeli 100 ni sawa na saa 8 za desibeli 85. Mwenye kuuza vinywaji mbele ya sabufa apewe vizibo na zamu fupi.

Sakafu inatikisika

Mtikisiko mdogo kwenye mbao ni wa kawaida. Sakafu inayopanda na kushuka kwa kufuata mdundo, vumbi linalodondoka kutoka dari ya chini, au ufa ambao haukuwepo mchana si wa kujadiliwa na DJ. Usikate muziki ghafla, kwa maana umati unaoshtuka hurukaruka au kukimbia. Punguza besi, shusha sauti kwa sekunde chache, mwombe MC awahamishe watu pembeni kisha nje kwa milango ambayo hakuna spika iliyoiziba, na usiwarudishe ndani mpaka mhandisi wa majengo apakague.